Kupaka rangi modeli ya La-5FN, na ya kuzingatia katika ndege nyingine za Kisovieti za vita

Maswali ninayoulizwa na wanaoanza kuunda modeli za ndege za Kisovieti za Vita Kuu ya Pili ya Dunia hayazidi matano, nayo hurudi karibu kila mara kwa mpangilio ule ule: nitumie kijani gani, kijivu gani, brashi ya mkono au ya hewa (ile inayonyunyiza rangi kwa upepo wa kompresa), mbona stika zimetoka na weupe chini yake, na mbona modeli yangu haifanani na ndege iliyo kwenye picha. Nimeona niyajibu yote kwa kufuata modeli moja, kuanzia inapotoka kwenye boksi hadi inapowekwa kabatini.

Modeli hiyo ni Lavochkin La-5FN ya skeli ya 1:48, yaani ndogo mara 48 kuliko ndege halisi. Sikuichagua kwa umaarufu wake, ingawa Ivan Kozhedub, rubani aliyehesabiwa kudungua ndege 62 za adui, aliirusha kabla ya kuhamia La-7. Nimeichagua kwa sababu nje inapakwa rangi tatu tu, umbo lake halina pembe nyingi za kusumbua, na karibu yote iliundwa kwa mbao, jambo linalowapotosha wengi.

Kwanza, ndege yako iliundwa kwa kitu gani?

Swali hili lijibiwe kabla hujafungua chupa yoyote ya rangi. La-5 yangu ya kwanza niliipaka vizuri, kisha nikaiharibu kwa jioni moja. Nilichukua rangi ya fedha na kipande cha sponji, nikadonoa kwenye ncha za mabawa, pembeni mwa chumba cha rubani na hadi mgongoni, kama nilivyokuwa nimeona kwenye modeli za ndege za Kijapani. Mzee mmoja aliyeanza kazi hii miaka mingi kabla yangu aliishika, akaigeuza polepole chini ya taa, akaniuliza: "Mwanangu, tangu lini ubao ukichunika ukatoa bati?" Sikuwa na jibu.

La-5 ilizaliwa kutokana na LaGG-3, ambayo kiwiliwili chake kilitengenezwa kwa tabaka nyembamba za mbao za betula zilizogundishwa pamoja, na mwaka 1942 ikapewa injini ya duara ya Shvetsov M-82 badala ya ile ndefu ya Klimov. Inasemekana kwamba marubani walizichezea herufi za LaGG kwa mzaha wa Kirusi wenye maana ya "jeneza la uhakika lililopigwa vanishi". Ukiuweka kando uchungu wake, mzaha huo unamfaa sana mpaka rangi, kwa sababu juu ya mbao zile kulibandikwa kitambaa, kikapigwa puti, kikasuguliwa na kupakwa rangi mpaka uso ukawa laini. Kwa hiyo kwenye kiwiliwili na mabawa ya La-5FN hakuna bati linaloweza kuonekana rangi ikitoka. Sehemu za bati ni chache, kubwa kuliko zote zikiwa vifuniko vya injini, na miongoni mwa zilizosalia ni vifuniko vya miguu ya magurudumu pamoja na vile vidogo vya kukagulia. Usukani wa mkia ni fremu ya duralumini iliyovikwa kitambaa.

Ukiunda ndege nyingine, uliza swali lile lile. Yak-3 na Yak-9 zilikuwa na kiunzi cha mabomba ya chuma kilichofunikwa kwa mabamba ya duralumini mbele na kwa kitambaa au mbao nyembamba nyuma, na mabawa yake yalivikwa mbao. Il-2 ilikuwa na ganda la chuma cha kivita lililomzunguka rubani na injini, na nyuma yake kiwiliwili cha mbao. Rangi ikitoka kwenye ganda lile kinachoonekana ni chuma cheusi, wala si fedha ing'aayo. Pe-2 ilikuwa ya bati tupu, na hapo sponji yako ina ruhusa. Po-2 ilikuwa mbao na kitambaa, basi.

Rangi zenyewe

Rangi za nitro za kupaka juu ya mbao na kitambaa zilijulikana viwandani kwa herufi AMT na namba. Mabamba ya bati yalipakwa rangi za mafuta zilizokusudiwa kufanana nazo. Kwa anayeanza, sita zinatosha. AMT-4 ni kijani kilichoelekea manjano, karibu zaidi na majani yaliyoanza kukauka kuliko jani la mgomba. AMT-6 ni nyeusi. AMT-7 ni samawati ya upande wa chini. AMT-11 ni kijivu chenye buluu ndani yake, kama mgongo wa njiwa, na AMT-12 ni kijivu kizito kinachokaribia weusi. AMT-1 ni kahawia nyepesi.

Tangu katikati ya 1941 ndege nyingi zilipakwa mabaka ya kijani na nyeusi juu, samawati chini. Julai 1943 yalitolewa maelekezo mapya, na tangu hapo ndege za kivita za kufukuzana zikapakwa AMT-11 na AMT-12 juu, AMT-7 chini, huku zile za kushambulia na za mabomu zikipewa rangi tatu juu: kijani, kahawia nyepesi na kijivu kizito. Ndege zilizokwisha kutoka kiwandani hazikupakwa upya kwa siku moja, na ndiyo maana picha za mwisho wa 1943 bado zinaonyesha ndege za kijani na nyeusi. La-5FN yetu itakuwa ya vijivu viwili.

Chupa tatu kutoka kampuni tatu tofauti, zote zimeandikwa AMT-11, hazitafanana. Nimewaona watu wakibishana juu ya tofauti hiyo mpaka chai ikapoa. Ushauri wangu ni kununua seti nzima ya mtengenezaji mmoja ili rangi zipatane zenyewe kwa zenyewe, na kuendelea na kazi.

Mahitaji

- Boksi la modeli. Zvezda ya Urusi inatoa La-5FN ya 1:48 inayounganika bila taabu.
- Kisu cha wembe, koleo ndogo ya kukatia, kibanio, na msasa wa maji namba 600, 1000 na 2000.
- Brashi ya hewa yenye tundu la 0.3 mm, na kompresa yenye saa ya upepo na kichujio cha maji.
- Praima ya kijivu. Rangi za AMT-7, AMT-11 na AMT-12. Kijivu cha ndani. Nyekundu na nyeusi kidogo.
- Thina ya kampuni ile ile iliyotengeneza rangi yako.
- Selotepu ya karatasi ya modeli, pamoja na ile gundi laini ya kubandikia mabango ukutani.
- Vanishi ya kung'aa na vanishi isiyong'aa, zote za akriliki.
- Dawa ya kulainisha stika, vijiti vya pamba, bakuli la maji ya uvuguvugu.
- Rangi za mafuta za wachoraji katika tyubu, nyeusi na kahawia iliyokolea, na tapentaini isiyo na harufu kali.
- Barakoa yenye kichujio cha kaboni. Ile ya kitambaa haizuii mvuke wa thina.

Maonyo matatu kabla ya kuanza. Thina ya mafundi wa rangi za magari huyeyusha plastiki ya modeli, hivyo usiisogeze karibu hata kwa kusafisha doa. Rangi za Tamiya za akriliki hukubali spiriti ya aisopropili, lakini rangi za Vallejo zikichanganywa na spiriti huganda kama uji uliopoa na kuziba brashi yako. Tatu, fanya kazi penye dirisha wazi, mbali na jiko na sigara.

Kama huna brashi ya hewa, brashi bapa ya manyoya laini inatosha kwa modeli ya kwanza, mradi uipunguze rangi na kupaka mikono mitatu myembamba badala ya mmoja mzito, kila mmoja ukikauka kabla ya mwingine. Kitakachokushinda ni mpaka laini kati ya vijivu viwili. Hapo utumie brashi kavu iliyopanguswa rangi karibu yote, ukidonoa badala ya kuburuta.

Hatua kwa hatua

1. Osha vipande vyote vikiwa bado kwenye fremu yao, kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, suuza, uache vikauke vyenyewe. Kiwandani hubaki mafuta kidogo ya ukungu wa kumiminia plastiki, na rangi haishiki juu ya mafuta.

2. Paka chumba cha rubani kabla ya kufunga kiwiliwili. Tumia kijivu cha wastani kwa kuta na sakafu, nyeusi kwa dashibodi, kisha pitisha rangi ya mafuta nyeusi iliyopunguzwa sana kwa tapentaini ili iingie kwenye kona. Ikikauka, gusa ncha za vifaa kwa brashi kavu yenye kijivu chepesi. Usitumie saa nyingi hapa, kwa maana kioo kikishafungwa hutaona zaidi ya kiti na fimbo.

3. Funga kiwiliwili na mabawa, uache gundi ikauke usiku mzima, ndipo usugue maungio. Hatua hii ndiyo inayotenganisha La-5 nzuri na mbaya. Kwa kuwa mgongo na tumbo la ndege halisi vilikuwa laini kabisa, ufa wowote unaopita katikati ya mgongo ni kosa. Jaza puti, sugua kwa msasa 600 wenye maji, kisha 1000, ukikizungusha kidole kufuata mviringo ili usiufanye mgongo bapa. Pitisha ukucha juu ya ungio huku umefumba macho. Ukucha ukikwama, bado. Usiguse mistari ya vifuniko vya injini na ya vifuniko vya kukagulia, kwa sababu hiyo ilikuwapo kweli.

4. Funika kioo cha rubani. Kata selotepu vipande vyembamba, bandika kando ya kila fremu kwanza, kisha jaza katikati kwa vipande vikubwa au kwa gundi ya maji ya kufunika. Kibandike kioo kwa gundi nyeupe ya karatasi. Gundi ya papo kwa papo hutoa mvuke unaokitia kioo ukungu mweupe kutoka ndani, na ukungu huo hutaufikia tena. Nyunyizia fremu rangi ya ndani kwanza, kijivu, kisha rangi za nje zitafuata juu yake. Ukitazama kupitia kioo utaona kijivu mahali pake.

5. Piga praima. Punguza mpaka iwe kama maziwa yasiyo na malai, upepo psi 15 hadi 20 (psi ni kipimo cha msukumo kinachosomwa kwenye saa ya kompresa), umbali wa upana wa kiganja, na usisimamishe mkono juu ya modeli hata sekunde moja. Anza kunyunyiza nje ya modeli na umalizie nje yake. Praima ni hakimu: itaonyesha kila ufa uliouacha katika hatua ya 3. Rudi nyuma, sugua, piga tena. Wengi huona aibu kurudi nyuma, wakitumaini rangi itaficha. Rangi haifichi ufa, huuchora.

Hapa huulizwa kama inafaa kupiga nyeusi kwenye mistari ya mabamba kabla ya rangi, ili ionekane kwa chini. Kwa Pe-2, fanya ukipenda. Kwa bawa la mbao lisilo na mabamba ni upuuzi, na sioni sababu ya kulizungushia maneno.

6. Paka upande wa chini kwa AMT-7. Anza penye kona, yaani mabawa yanapokutana na kiwiliwili na ndani ya vyumba vya magurudumu, kisha panua. Tabaka mbili nyembamba zinatosha. Acha ikauke saa 24 kabla ya kubandika selotepu juu yake, hata kama kwa kidole inaonekana imekauka baada ya dakika kumi.

7. Funika upande wa chini na upake AMT-11 juu yote. Kabla ya kuibandika selotepu, ibandike mara mbili tatu kwenye kiganja ili upunguze nguvu ya gundi yake. Wenye modeli ndogo ya 1:72 waongeze matone machache ya nyeupe katika kila rangi, kwa sababu kitu kidogo kikipakwa rangi kamili huonekana cheusi kuliko kilivyo.

8. Ongeza mabaka ya AMT-12. Hatua hii huogopwa kuliko zote, kwa hiyo nitaieleza kwa undani zaidi. Mchoro wa mabaka huwa ndani ya boksi. Ukiweza, toa nakala yake kwa kipimo cha modeli. Chukua gundi laini ya mabango, ivingirishe mezani mpaka iwe tambi yenye unene wa kalamu ya risasi, kisha ilaze juu ya modeli kufuata mpaka wa kila baka. Usiikandamize, iache iegemee kwa mviringo wake. Katikati ya sehemu zinazobaki na AMT-11 funika kwa selotepu. Sasa nyunyiza AMT-12 ukiwa umeielekeza brashi wima juu ya modeli, si kwa kuinamisha. Mviringo wa tambi utaacha ukingo uliolainika kwa upana wa milimita moja hivi, ambao katika 1:48 unatosha kabisa. Ukiinamisha brashi kuelekea chini ya tambi, rangi itapenya na mpaka utakuwa na ukungu mpana, mfano wa ndege za Kijerumani, na huo si wake. Toa tambi baada ya nusu saa, usiiache usiku kucha, maana katika joto huacha alama ya mafuta.

Tofauti kati ya vijivu viwili itakushtua mwanzoni kwa ukali wake. Usiguse. Vanishi na kivuli vitaipooza.

9. Piga vanishi ya kung'aa, tabaka mbili, na uache siku mbili. Haina kazi ya uzuri. Kazi yake ni kuwa sakafu laini ya stika.

10. Weka stika. Kata moja moja, izamishe majini kwa sekunde 20 hivi, iweke kwenye kitambaa mpaka iteleze yenyewe juu ya karatasi yake. Lowesha mahali pa kuibandika, telezesha stika kwa brashi, ikae sawa, kisha kamua maji kwa kijiti cha pamba kutoka katikati kwenda pembeni. Paka dawa ya kulainisha na uiache. Stika itajikunja na kuonekana imeharibika; ukiigusa wakati huo itachanika kweli, ukiiacha itanyooka yenyewe.

Nyota zikae pande za kiwiliwili, kwenye mkia, na chini ya mabawa. Juu ya mabawa ya La-5FN usiweke nyota. Tangu 1943 nyota nyekundu ilianza kupewa ukingo mweupe na mstari mwembamba mwekundu nje yake, kwa hiyo modeli ya 1944 yenye nyota isiyo na ukingo iwe na picha ya kuitetea. Ukiunda La-7 ya Kozhedub, namba ni 27 nyeupe, na ndege yenyewe ipo hadi leo katika jumba la makumbusho la Monino karibu na Moscow.

11. Tia kivuli. Changanya rangi ya mafuta nyeusi na kahawia, punguza kwa tapentaini mpaka iwe kama chai ya rangi. Gusa tu mistari ya vifuniko vya injini, vifuniko vya kukagulia, na mipaka ya usukani na sehemu zinazoinuka za mabawa. Mchanganyiko utakimbia wenyewe ndani ya mstari. Baada ya nusu saa futa ziada kwa kijiti cha pamba, ukivuta kufuata upepo unavyopita, yaani kutoka mbele kwenda nyuma. Usitumie mafuta ya taa badala ya tapentaini, huacha utando wa mafuta ambao vanishi ya mwisho itaukataa.

12. Piga vanishi isiyong'aa. Kuna rangi za Kisovieti zilizong'aa kidogo zikiwa mpya, lakini ndege iliyokaa nje mbele ya vita miezi miwili haikung'aa.

13. Ichakaze kwa kiasi. Kwenye vifuniko vya injini, ambavyo ni vya bati, donoa rangi ya fedha kwa sponji karibu na skrubu na mahali mafundi walipokanyaga na kushika, nukta ndogo ambazo mtu haoni mpaka asogee. Mabawani, palipokanyagwa na rubani akipanda upande wa kushoto, usitumie fedha bali kijivu chepesi kilichofifia, na ukitaka sana, kahawia ya ubao sehemu moja. Moshi wa injini: La-5FN ilikuwa na mabomba saba kila upande, na masizi yake yalirudi nyuma juu ya kiwiliwili. Nyunyiza mchanganyiko wa kahawia na nyeusi uliopunguzwa mara tatu kuliko kawaida, upepo psi 10, kwa mipigo mirefu inayopotea nyuma ya bawa. Nyeusi tupu huonekana kama ndege imeungua. Matairi yawe kijivu kizito, kamwe si nyeusi, na tope lifike nusu ya tairi tu.

14. Toa vifuniko vya kioo, bandika propela na miguu, na kama una subira nyoosha uzi mwembamba wa nailoni kutoka mlingoti wa redio hadi mkiani.

Kwa anayeunda ndege ya majira ya baridi

Katika baridi ya 1941 na 1942 ndege zilipakwa nyeupe ya MK-7, rangi ya muda iliyokusudiwa kuoshwa na kuondolewa kabla ya majira ya joto, na iliyochakaa haraka. Usipake nyeupe tupu. Maliza ndege kwa kijani na nyeusi hadi stika zikiwemo, piga vanishi, kisha nyunyiza spreyi ya nywele ya kawaida, na juu yake akriliki nyeupe nyembamba ukizunguka nyota na namba bila kuzifunika. Baada ya dakika ishirini lowesha sehemu ndogo, sugua kwa brashi ya meno iliyokatwa fupi, na nyeupe itatoka kwa mabaka. Anza penye upepo mwingi na penye nyayo. Simama mapema kuliko unavyotaka, maana kilichotoka hakirudi.

Yakiharibika

*Rangi imekauka na chembe kama vumbi.* Inakauka hewani kabla haijafika. Sogea karibu, ongeza thina, punguza upepo. Chembe zilizopo zisugue kwa msasa 2000 wenye maji.

*Uso una maganda kama ya chungwa.* Rangi ni nzito au upepo ni mdogo. Sugua kwa 2000, upake tena nyembamba.

*Rangi inakimbia na kuchora miguu ya buibui.* Umekaribia mno, au umepunguza mno. Futa ikiwa mbichi kwa kitambaa chenye thina ya kampuni yake.

*Weupe chini ya stika.* Ni hewa iliyonaswa, kwa sababu uso haukung'aa vya kutosha katika hatua ya 9. Choma weupe kwa ncha ya sindano mara kadhaa, tia dawa ya kulainisha, rudia kesho. Mara nyingi huisha.

*Selotepu imeng'oa rangi.* Ama hukuosha vipande, ama hukupiga praima, ama hukusubiri saa 24. Sugua ukingo wa shimo mpaka ukucha usiuhisi, kisha gusa kwa praima na rangi.

*Vanishi ya mwisho imetoka na ukungu mweupe.* Hili huwapata sana walio pwani. Nimeliona mwenyewe mwezi wa nne, mvua za masika zikinyesha: thina inayokauka haraka hupooza uso, na unyevu wa hewa huganda ndani ya vanishi. Usipige vanishi ya aina hiyo mvua inaponyesha wala usiku. Iliyokwisha kupata ukungu ipigie tena tabaka nyembamba ya vanishi ya kung'aa siku kavu, saa za mchana, na ukungu utafutika; kisha rudia isiyong'aa.

*Rangi imekunjamana kama ngozi ya maziwa.* Umepiga rangi yenye thina kali juu ya rangi ya mafuta ambayo haijakomaa. Mpangilio salama ni kali chini, akriliki katikati, mafuta juu. Iliyokunjamana haina dawa. Vua rangi yote uanze hatua ya 5.

*Nimeshadonoa fedha bawa zima.* Kama bado hujapiga vanishi juu ya fedha hiyo, futa kwa kijiti chenye maji au spiriti kidogo, ukijaribu kwanza chini ya mkia. Kama umeshapiga, nyunyiza AMT-11 na AMT-12 zilizopunguzwa sana juu ya madoa, kila moja juu ya baka lake, mara tatu nne, mpaka fedha izame. Haitaisha yote, ila itafanana na rangi iliyochubuka juu ya puti, na hiyo La-5 ilikuwa nayo kweli.